Ufunguo wa Stoo Saa Nane za Usiku: Goma na Mafunzo ya Kukabili Maafa

Mwezi wa saba mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda kati ya 500,000 na 800,000 waliingia Goma, mashariki mwa Kongo, na viunga vyake katika muda wa siku chache tu. Ndani ya mwezi mmoja karibu 50,000 kati yao walikuwa wamekufa, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Ardhi yenyewe iliwakataa: chini ya Goma ni mwamba wa volkano, hauchimbiki kaburi wala choo, na maiti zilizoviringishwa mikekani zikabaki kando ya barabara. Misaada ilikuja. Ndege zilishuka, mahema yakasimamishwa, madaktari wakafika kutoka kila bara. Watu waliendelea kufa mbele ya macho ya madaktari hao.

Baadaye timu ya wataalamu wa Bangladesh, iliyokuwa imefanya kazi katika kituo cha muda cha Katindo, iliandika katika jarida la Lancet kwa nini ilikuwa hivyo. Wagonjwa walirudishiwa maji mwilini polepole mno. Maji ya chumvi na sukari ya kunywa hayakutumika vya kutosha. Dripu nyingine hazikuwa za aina inayofaa. Na wahudumu wengi hawakuwa na uzoefu wa kutibu kipindupindu kikali. Wabangladeshi wanaujua ugonjwa huu kama sisi tunavyoijua malaria, ndiyo maana waliliona kosa ambalo wengine hawakuliona. Mtu mzima wa kilo 50 aliyeishiwa maji kabisa anahitaji lita 5 za dripu ya Ringer katika saa 3: lita moja na nusu ndani ya nusu saa ya kwanza, zilizobaki katika saa mbili na nusu zinazofuata. Muuguzi anayelijua hilo huokoa karibu wote wanaomfikia. Asiyelijua humtundikia mgonjwa chupa moja, ikadondoka tone kwa tone, na mgonjwa akazimika taratibu huku dripu ikiwa bado mkononi.

Nimeanzia Katindo kwa makusudi. Kila linapozuka suala la kuwaandaa wahudumu wa afya kwa ugaidi na maafa, mazungumzo hukimbilia vitu vya kununua: magari, mahema, mavazi ya kujikinga, redio za mawasiliano. Vyote vinahitajika, na hakuna mtu wa Goma atakayevidharau. Lakini kule Katindo hema lilikuwepo na dripu zilikuwepo. Kilichokosekana kilikuwa ndani ya vichwa na mikono ya watu waliokuwa zamu, na hicho hakiletwi kwa ndege usiku wa maafa.

Tangu hapo mji huu umepewa mtihani baada ya mtihani. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo iliukata mji vipande viwili hadi ziwani, na mamia ya maelfu wakakimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda. Novemba 2012 waasi wa M23 waliingia, wakatoka siku chache baadaye. Julai 2019 Ebola ilibisha hodi. Mei 2021 mlima ukafunguka tena. Kuanzia 2022 kambi za wakimbizi wa ndani zikauzingira mji, Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, na ndani yake kipindupindu na surua, kisha mpox. Tarehe 3 Oktoba 2024 meli iliyojaa kupita kiasi kutoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, watu wakiitazama kutoka ufukweni. Januari 2025 vita viliingia mitaani. Muuguzi aliyeanza kazi katika eneo la afya la Karisimbi, hapa mjini, mwaka 2001 na bado yuko kazini ameona kwa macho yake mambo ambayo vyuo vingi duniani huyafundisha kwa picha za ukutani.

Na ugaidi? Kivu ya Kaskazini, mkoa wetu, inalijua neno hili kwa majina ya mahali. ADF, kundi lililoanzia Uganda miaka ya 1990 na kujichimbia katika misitu ya Beni, limekuwa likichinja raia kwa miaka zaidi ya kumi, na tangu 2019 Dola la Kiislamu limekuwa likidai kuwa mashambulizi hayo ni yake. Hadi hapo silaha zake zilikuwa zaidi panga na bunduki. Kisha yakaja mabomu. Tarehe 27 Juni 2021 moja lililipuka ndani ya kanisa Katoliki mjini Beni. Siku ya Krismasi mwaka huohuo mtu alijilipua mbele ya mkahawa uliojaa watu, Beni tena. Tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka Kasindi, mpakani na Uganda, katikati ya ibada ya ubatizo.

Bomu huzaa majeruhi wa aina yake. Panga hukata na risasi hutoboa, lakini mlipuko hupasua masikio, hujeruhi mapafu pasipo alama yoyote kwenye ngozi, huvunja miguu na kusukuma misumari ndani ya tumbo. Mtu anaweza kutembea mwenyewe hadi kituoni, akaongea, akaketi, kisha akaanguka baada ya saa moja. Muuguzi asiyefundishwa humwacha huyo na kumkimbilia anayepiga kelele zaidi. Anayepiga kelele bado ana pumzi. Hilo ndilo somo la kwanza la triaji, yaani kuwapanga majeruhi kwa uzito wa hali zao: rangi nyekundu kwa atakayekufa asipohudumiwa sasa hivi, njano kwa anayeweza kusubiri kidogo, kijani kwa anayetembea, nyeusi kwa aliyekufa au asiyeokoleka. Ni somo jepesi kulisema. Kumfungia kitambaa cheusi kijana anayepumua bado, mama yake akiwa amekushika mkono, hakuna anayeliweza kwa kusoma karatasi. Inabidi mtu awe amelifanya kwa mazoezi mara nyingi, mpaka mkono ujue kabla ya moyo.

Nairobi ililipia somo jingine tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa. Mlio wa kwanza uliwavuta watu madirishani kutazama, na mlipuko mkubwa ukawakuta hapo wameelekeza nyuso kwenye vioo. Wengi walipoteza macho. Zaidi ya watu 200 walikufa na maelfu wakajeruhiwa. Majeruhi hawakusubiri ambulansi. Walibebwa kwa matatu, pikapu na magari ya watu binafsi, wengi wakashushwa mlangoni pa Hospitali ya Kenyatta bila mpangilio wowote. Goma itakuwa hivyohivyo, ila hapa ni pikipiki, na pengine chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo. Kwa hiyo mwendesha pikipiki wa mitaa yetu ya Majengo na Birere ni mhudumu wa dharura, apende asipende. Mpango wowote wa mafunzo usiomfundisha kukaza kitambaa juu ya jeraha linalomwaga damu, na kujua ni hospitali ipi ya kupeleka nani, umemsahau mtu wa kwanza kufika.

Kuna jambo moja ambalo, kwa maoni yangu, linaunganisha maafa yote ya Goma, na ndilo ningelifundisha siku ya kwanza: kabla hujamkimbilia aliyeanguka, tazama kilichomwangusha. Watu wa pande za Bulengo na Lac Vert wanayajua mazuku. Ni hewa ya ukaa inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, ikatuama mabondeni usiku na alfajiri upepo unapotulia. Haina rangi. Mbuzi huingia na kulala. Mtoto huingia kumfuata mbuzi. Kisha huingia mtu mzima kumtoa mtoto, naye anaangukia juu yake. Januari 2002, siku chache baada ya lava kupita, watu walikwenda kuchota mafuta katika kituo cha petroli kilichozungukwa na mawe ya moto. Kikalipuka, na makumi wakafa, baada ya lava kuwakosa. Kule Tokyo, tarehe 20 Machi 1995, watu wa dhehebu la Aum Shinrikyo walipoachia sumu ya sarin kwenye treni, hospitali ya St. Luke's ilipokea zaidi ya wagonjwa 600 siku hiyo, na wahudumu wenyewe wakaanza kuona giza na kukosa pumzi kwa sumu iliyopanda kutoka kwenye nguo za wagonjwa, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewavua kabla ya kuwaingiza ndani. Na kila anayetega mabomu anajua kuwa la pili humpata yule aliyekuja kuokoa.

Bonde la mazuku, kituo cha mafuta, nguo zenye sumu, bomu la pili. Haya ni somo moja. Ndiyo maana siungi mkono wanaotaka ugaidi uwe na semina yake, volkano yake, kipindupindu chake, kila mfadhili na kitini chake na fulana yake. Wodi ni ileile. Mikono ni ileile. Kinachojirudia katika kila janga ni kazi chache: kutazama usalama wa mahali, kupanga majeruhi, kuzuia damu, kurudisha maji mwilini, kutenga mwenye kuambukiza, kusafisha maji, kuhesabu na kutoa taarifa. Mhudumu afundishwe hizo mpaka azifanye gizani, kisha jina la janga litajijibu lenyewe.

Chukua hilo la kusafisha maji. Ukienda ufukweni mwa ziwa Kivu asubuhi wakati wa kipindupindu utamkuta mtu amesimama na ndoo ya klorini na bomba la sindano lisilo na ncha. Kina mama na watoto wanapanda kutoka majini na bidoni za manjano za lita 20. Anavuta dawa hadi mstari aliouweka alama kwa wino, anaimimina, anafunga kizibo, anapindua bidoni mara mbili tatu. Kisha anasema: usinywe kabla ya nusu saa. Kazi hii inaonekana ya kitoto. Lakini maji yakiwa na tope zaidi leo kuliko jana, kipimo cha jana hakitoshi. Akizidisha, maji yatanuka, mama ataenda kuchota mahali asipokuwepo yeye. Lazima apime kilichobaki baada ya ile nusu saa, nusu miligramu kwa lita, aone rangi kwenye kichupa na kubadilisha kipimo. Na klorini hiyohiyo ina nguvu tofauti kwa kazi tofauti: asilimia 0.05 ya kunawa mikono, asilimia 0.5 ya kusafishia vifaa na sakafu palipokuwa na Ebola. Ukibadilisha nukta unaunguza ngozi ya mtu au unaacha virusi hai. Januari 2025 umeme ulipokatika na pampu za maji zikasimama, mji mzima ulirudi ziwani na bidoni. Mtu yule wa bomba la sindano alikuwa na uzito wa hospitali nzima.

Ebola ya 2018 hadi 2020 ndiyo shule kubwa zaidi ambayo mkoa huu umewahi kupitia, na ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi faida na mipaka ya mafunzo. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikaisha tarehe 25 Juni 2020, wagonjwa 3,470, waliokufa 2,287. Goma ilikuwa na karibu mwaka mzima wa kujiandaa. Wahudumu wapatao 3,000 walichanjwa, wakafundishwa kuvaa na, lililo gumu zaidi, kuvua mavazi ya kujikinga bila kujigusa. Tarehe 14 Julai 2019 mchungaji mmoja alifika kwa basi kutoka Butembo. Njiani alikuwa amepita vituo vya ukaguzi, vya vipimajoto na ndoo za kunawia, na hakuna kilichomnasa. Aligundulika siku hiyohiyo alipokwenda kituo cha afya akiwa mgonjwa: aliyempokea alimtilia shaka na kutoa taarifa. Dereva na abiria wenzake walitafutwa wakachanjwa. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani lilitangaza dharura ya kimataifa.

Wiki mbili baada ya mchungaji aligundulika mchimbaji dhahabu aliyetoka Ituri. Huyu aliumwa nyumbani kwanza, akahudumiwa hapo kwa siku kadhaa kabla ya kutengwa, akafa tarehe 31 Julai. Mke wake na mtoto wao waliambukizwa, wakatibiwa hapahapa Goma, wakapona. Mji wenye watu zaidi ya milioni moja, wenye mpaka unaovukwa na maelfu kila siku, ulikuwa na wagonjwa wanne tu. Mtu akiniuliza kama mafunzo ya wahudumu yana faida, nitamtajia wanne hao.

Ila kulikuwa na upande mwingine. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilichomwa moto. Tarehe 19 Aprili 2019 Dakta Richard Mouzoko, mtaalamu wa milipuko kutoka Kamerun, alipigwa risasi na kuuawa ndani ya hospitali ya chuo kikuu mjini Butembo. Hapo ndipo ugaidi na afya vilipokutana uso kwa uso, na hapo ndipo kitini cha kuvaa glavu kilipokosa la kusema. Watu waliokuwa wakichinjwa kwa miaka bila mtu kuja waliona magari meupe mamia yakija kwa ugonjwa mmoja, mishahara ya dola ikigawiwa, wengine wakiita mambo hayo biashara ya Ebola. Mwaka 2021 tume huru ilithibitisha tuhuma za unyanyasaji wa kingono dhidi ya wanawake wa Kongo, uliofanywa na watu waliokuja kuokoa, wakiwemo waliokuwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani. Mtaalamu anayemtaka binti alale naye ili ampe kazi ya kunawisha watu mikono ameharibu ulinzi wa afya wa kijiji kizima. Kuaminika ni sehemu ya kazi, kama kushika bomba la sindano, nako kuna kanuni za kufundishwa na adhabu za kutolewa.

Nani basi hufundishwa? Hapa nasema wazi kinachonichoma. Mafunzo mengi hufanyika mchana, katika ukumbi wa hoteli, kwa Kifaransa, na aliyetumwa ni yule ambaye bosi wake alimchagua, mara nyingi kwa ajili ya posho. Anarudi na cheti na begi. Muuguzi wa zamu ya usiku hakwenda, kwa sababu alikuwa amelala baada ya zamu. Reko, yule mhamasishaji wa mtaa anayejua kila mlango na kila mjamzito, hakwenda kwa sababu kitini hakiko katika Kiswahili chake. Lakini maafa yetu hupenda giza. Nyiragongo ya 2021 ilifunguka Jumamosi ya tarehe 22 Mei, jioni, anga likawa jekundu na watu wakaanza kutembea kabla ya tangazo lolote. Kule Gulu, Uganda, Dakta Matthew Lukwiya, aliyeiongoza hospitali ya Lacor katika Ebola ya mwaka 2000, aliambukizwa usiku alipokimbia kumsaidia muuguzi wake bila kujifunika macho. Alijua kanuni zote. Yeye ndiye aliyewafundisha wengine. Usiku na uchovu vilimshinda hata yeye.

Tena muuguzi ni mtu wa hapahapa. Tarehe 27 Mei 2021 serikali ya kijeshi ya mkoa ilipoamuru mitaa 10 kati ya 18 ihame, barabara ya Sake ilijaa magodoro, mbuzi na wagonjwa waliobebwa mgongoni. Wauguzi nao walikuwa njiani, kila mmoja na wanawe. Ukitaka abaki kazini, kubalianeni mapema nani atawachukua watoto wake na wapi. Na umlipe. Wauguzi wengi wa Kongo hawamo katika orodha ya mishahara ya serikali. Huishi kwa kile wagonjwa wanacholipa. Janga likija matibabu hutangazwa kuwa ya bure, jambo jema kabisa, ila kama hakuna anayefidia kituo, siku hiyo ndiyo muuguzi huanza kufanya kazi bure pia. Mabenki ya Goma yalipofungwa mwaka 2025, hata mwenye mshahara alipata shida kuushika.

Januari ile ya 2025 ndiyo iliyonionyesha nani hubaki. Uwanja wa ndege ulifungwa. Maghala ya misaada yaliporwa. Umeme ulipokatika, Msalaba Mwekundu ulitoa tahadhari kuhusu maabara ya INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, yenye sampuli za Ebola. Katika hospitali ya CBCA Ndosho majeruhi walijaa hadi wakalazwa nje ya vyumba. Waliowahudumia usiku na mchana, pamoja na wageni wachache waliokataa kuondoka, walikuwa wauguzi wa Goma, ambao hawakujua kama nyumba zao bado zimesimama. Wakapokea raia na askari wa kila upande, kitanda kwa kitanda. Kumtibu aliyekuja na bunduki bila kumuuliza alipigania nani, na kumwomba aiache bunduki mlangoni, ni maarifa ambayo wahudumu wa mji huu wangeweza kuwafundisha wengi duniani.

Vyuo tunavyo. ISTM Goma inatoa wauguzi kila mwaka; Chuo Kikuu cha Goma kina kitivo cha tiba; Shule ya Afya ya Umma ya Kinshasa inafundisha wataalamu wa kufuatilia milipuko. Kinachohitajika zaidi ni zoezi dogo, la mara kwa mara, ndani ya kituo chenyewe. Wanafunzi 20 wajifanye majeruhi, wapakwe rangi nyekundu, waletwe kwa pikipiki saa nane za usiku bila taarifa. Taa zizimwe. Wauguzi wawili walio zamu waanze kazi, na mtu mmoja aandike tu dakika: ilichukua muda gani hadi mtu wa kwanza kufungwa kitambaa, nani alipigiwa simu na hakupokea, dripu ngapi zilikuwepo, ufunguo wa stoo uko kwa nani. Kituo ambacho ufunguo wake hulala nyumbani kwa mtu mmoja, ng'ambo ya mji, kitaligundua hilo usiku huo, wanafunzi wakiwa wamelala sakafuni wanasubiri na mlima ukiwa bado umetulia.